Siku Cheche Alipotulia

Mwanamke yule alikuwa fundi wa makochi, na mtaa mzima ulimwita Cheche. Si kwa ubaya, ni kwa sababu alikuwa hana dogo. Ukimletea kochi lililotafunwa na panya ukamwambia limechakaa kidogo tu, atakupa ukweli wako hapo hapo, na ukweli wa kochi, na wa nyumba lilikotoka. Kuna dereva aliwahi kuegesha gari mbele ya mlango wa karakana yake. Yule bwana aliambiwa maneno ambayo mpaka leo yanamfanya apite njia ya nyuma. Wateja walirudi, maana kazi yake ilikuwa safi, lakini walirudi na adabu zao.

Sasa mtu kama huyo, nani angemdhania kwamba ana hofu? Alikuwa nayo. Ilimwanza mwaka aliomzika mumewe. Siku moja yuko benki kwenye foleni, watu wamebanana, mara moyo ukaanza kwenda mbio bila sababu yoyote. Jasho likamtoka, vidole vikafa ganzi, pumzi ikakata, akajua ndiyo anakufa. Hakufa. Alipiga kelele mlango ufunguliwe, walinzi wakamshika mikono kama mwizi, na aibu ya siku ile ilimkaa rohoni kuliko hofu yenyewe. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho, akamwandikia vidonge vya kutuliza.

"Nusu, usiku, ukienda kulala," alimwambia. "Usiongeze hata chembe. Na usije ukaacha ghafla, mwili utakusumbua. Siku ya kupunguza ikifika tutapunguza wote wawili, polepole."

Dawa ilimsaidia, tuseme haki. Alilala usingizi wa watu. Aliweza kuingia kwenye lifti bila kusali. Majirani walipopata habari wakapata na cha kuchekea: Cheche kila siku anawapa watu vidonge vyao, leo na yeye kapewa vyake! Alicheka pamoja nao, kisha akamgeukia aliyeanzisha na kumpa vyake.

Kwa hiyo tatizo halikuwa dawa. Tatizo lilikuwa mdogo wake.

Huyu mdogo wake alikuwa mwalimu wa chekechea, na hata nyumbani walimwita Ticha. Alikuwa na imani moja maishani: kwamba binadamu wote wakikaa chini, wakakunja mikono na kuweka kidole mdomoni, dunia itapona. Alimpenda dada yake, hilo halina ubishi. Lakini alimwonea haya pia. Wakiwa dukani, dada akianza kupandisha sauti, Ticha alikuwa anasogea pembeni na kusoma maandishi ya nyuma ya pakiti za sabuni kana kwamba hamjui. Tangu ahamie pale nyumbani alijipa kazi ya kutunza dawa. Yeye ndiye aliyekata kidonge kwa kisu kila jioni, yeye ndiye aliyeleta glasi ya maji. Cheche aliona ni upendo, akamwachia.

Cheche alikuwa na binti mmoja tu. Mtoto yule, jamani, hakuambulia hata robo ya mdomo wa mama yake. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba samahani. Alifanya kazi kwenye dobi kubwa, ile inayofua mashuka ya hospitali na ya hoteli, na kazi yake ilikuwa kwenye rola. Rola ni chuma kinene kinachozunguka kikiwa cha moto kuliko pasi. Wasichana wawili wanasimama upande huu na upande ule, wanalishika shuka bichi kwenye pembe zake, wanalilisha, linatokea ng'ambo likiwa kavu na limenyooka. Mbele ya rola, mahali vidole vinapokaribia, kuna fimbo ya chuma inayoitwa kinga. Ukiigusa ikainuka hata kidogo, mashine inasimama yenyewe. Ni kitu kizuri sana, ila shuka lenye pindo nene nalo linaigusa, na mashine inasimama, na kazi inachelewa.

Siku shehena ya hospitali ilipojaa mpaka mlangoni, msimamizi wa zamu alipita nyuma ya binti akamwambia, "Funga hiyo kinga, tumechelewa." Binti akachana kipande cha shuka bovu, akaifunga. Mtoto ambaye hajawahi kumkatalia mtu, angeanzia wapi kumkatalia bosi? Kabla ya chakula cha mchana, mkono wa shoga yake wa upande wa pili uliingia ndani pamoja na shuka, na mashine haikusimama.

Jioni ile ile msimamizi alikuja nyumbani. Binti alikuwa hospitalini kwa shoga yake, Ticha alikuwa kwenye kikao cha wazazi shuleni, na Cheche alikuwa peke yake sebuleni. Bwana yule alikaa, akashika kichwa, akalia machozi ya kweli.

"Pole, mama. Pole sana. Mwanao hana kosa," alisema. "Ni mimi niliyemwambia afunge. Kila tukizidiwa mzigo tunafunga. Nitasema ukweli wote, nakuapia."

Cheche, kwa ukali wake wote, alimwonea huruma, akamtengenezea chai.

Haikupita wiki, binti akaitwa ofisini na kuambiwa kwamba yeye ndiye aliyefunga kinga kwa uvivu wake, bila kuagizwa na mtu. Kutakuwa na kikao. Akikutwa na kosa atafukuzwa, na jambo litapelekwa polisi kwa sababu mwenzake ameumia. Wenzake wa zamu wote walikuwa wamepatwa na ububu wa ghafla. Aliruhusiwa kuleta shahidi mmoja kutoka nje. Akamtaja mama yake.

Nyie, siku zile nyumba haikukalika! Cheche alikuwa akigonga misumari kwenye makochi huku anahutubia. "Atanitazama usoni! Alikaa hapa, hapa alipokaa paka, akalia kamasi mpaka kwenye mkono wa shati, leo hajui kitu? Ataniona!" Alirudia maneno yake mchana kutwa, akayapanga, akayanoa. Binti alikaa kwenye kigoda, ameshika magoti, anamsikiliza mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu ajali uso wake ulikuwa na nafuu.

Ticha naye alikuwa anasikiliza, ila yeye alisikia kitu kingine. Alisikia benki. Aliona walinzi, aliona dada yake akiburutwa nje ya kikao, na kesi ya mtoto ikiharibika kwa kelele. "Dada, mambo haya yanataka utulivu," alimwambia. "Watu wa ofisi hawapendi kugombezwa."

"Na mimi sipendi mwanangu kufungwa," Cheche akajibu. "Tumetoka sare."

Asubuhi ya kikao Ticha alimletea dada yake chai, akasimama pale pale mpaka kikombe kikabaki kitupu. "Imalize, dada, hutakula tena mpaka mchana." Ilikuwa na sukari nyingi kuliko kawaida. Cheche alimwambia hivyo, kisha akainywa yote, maana muda ulikuwa umekwenda.

Chumba cha kikao kilikuwa kidogo na madirisha yake hayafunguki. Kulikuwa na meza ndefu, na nyuma yake mkuu wa utumishi, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, na wazee wawili wa kampuni. Msimamizi alikaa pembeni, kola ya shati imepigwa pasi ikapigika. Kwa Cheche chumba kama kile ndicho chenyewe: mlango umefungwa, watu wanamtazama. Alikaa akingoja moyo uanze mbio zake. Haukuanza. Akafurahi. Leo moyo umekaa mahali pake, alijiambia, leo watanikoma.

Halafu maneno ya watu yakaanza kuwa marefu. Mkuu wa utumishi alisema jambo, na kabla mwisho wake haujafika mwanzo wake ulikuwa umepotea. Taa ya darini ilikuwa nzuri. Kiti kilikuwa kizuri pia. Fundi aliyekishona alijua kazi yake. Msimamizi alisimama, akasema kwa sauti ya kanisani, "Sikuwahi kumwagiza mtu yeyote afunge kinga. Huyu binti alifunga mwenyewe. Nasikitika sana."

Pale ndipo Cheche alipoitafuta hasira yake. Aliitafuta mahali inapokaa siku zote, chini ya mbavu, kama mtu anayepapasa mfuko kutafuta funguo. Haikuwepo. Alijua kwamba ingepaswa kuwepo, alijua mtu huyu ni mwongo, alijua haya yote vizuri kabisa, na hayakumuuma. Alimwangalia yule bwana akaona tu kola.

"Mama wa binti," mkuu wa utumishi akasema, "tumeambiwa una ushahidi. Huyu bwana alikuja kwako?"

"Alikuja." Ulimi ulikuwa mzito, umejaa mdomo. "Alikunywa chai."

"Alikuambia nini?"

Yalikuwepo maneno. Aliyapanga siku nyingi. Akayaona kwa mbali, yamesimama kwenye mstari, na safari ya kuyafuata ilikuwa ndefu mno. Akachukua la kwanza lililokuwa karibu.

"Alisema pole."

"Na zaidi ya hapo?"

Binti aligeuza shingo, akamkazia mama yake macho. Macho ya mtoto anayezama ndiyo yale. Cheche aliyaona, akamtabasamia.

"Sina neno," akasema.

Mmoja wa wale wazee aliinama mbele, akauliza, "Mama, uko sawa kweli?" Akajibu kwamba yuko sawa kabisa, na hakudanganya, maana maishani mwake hajawahi kuwa sawa namna ile. Wakaandika. Msimamizi akamwinamishia kichwa kwa heshima. Binti akafukuzwa kazi, akaambiwa kesho arudishe aproni na viatu, na kwamba polisi watapewa taarifa wiki inayofuata.

Cheche alilala kwenye gari la kurudi, akalala kwenye kochi la sebuleni na viatu vyake miguuni, na alipozinduka jua lilikuwa limegeukia upande wa pili wa nyumba. Binti alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea ukuta. Hakuwa analia. Ingekuwa afadhali angelia.

Kumbukumbu ikaanza kumrudia Cheche vipande vipande, kila kipande na aibu yake. Pole. Sina neno. Lile tabasamu! Akakaa wima, akashika kichwa. "Nimepatwa na nini mimi? Mungu wangu, nimepatwa na nini?"

Ticha akatoka jikoni anafuta mikono, na uso wake, huwezi kuamini, ulikuwa na furaha kidogo. "Hujapatwa na kitu, dada. Umejibu kwa heshima. Hukumtukana mtu, hukutolewa nje. Kazi imepotea ndiyo, lakini ungegomba ingekuwa mbaya zaidi."

"Mbona nilikuwa kama gogo?"

"Nilikuongezea kidogo tu. Kwenye chai."

Cheche akashusha mikono kichwani.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kimoja kizima. Na nusu ya pili juu yake, kwa tahadhari." Ticha akaanza kusema haraka haraka. "Dada, usinitazame hivyo, nakujua! Ungepandisha, pumzi ingekata, wangekushika mikono tena mbele ya watu. Si dawa yako mwenyewe? Si ya daktari? Nilikuwa nakulinda!"

Hapo hasira ilirudi nyumbani kwake. Ilirudi na mizigo yake yote.

"Ulikuwa unamlinda nani?" Cheche alisimama, akayumba, akashika ukuta. "Unajilinda wewe na haya zako! Daktari alinipa dawa ya hofu. Hofu, Ticha! Pumzi ikikata! Hasira yangu nani kakuambia ni ugonjwa? Nilikaa humu nikigonga misumari na kusema, wewe unanisikiliza, unanihesabia ni homa? Yule mwongo kamsingizia mtoto wangu mbele ya uso wangu, mtoto ananitazama, nikamchekea. Nikamchekea! Umenifanya shuka, nimelishwa kwenye rola nikatokea upande wa pili nimenyooka!"

"Dada, majirani..."

"Waje! Waje wote! Waje wasikie ulivyonilewesha kama kuku wa kuchinjwa!"

Ticha akaanza kulia. Cheche naye alikuwa na mengi bado, mdomo ulikuwa ndiyo kwanza unapata moto, lakini binti alisema kitu pale chini, kwa ile sauti yake ya kuomba samahani.

"Mama. Mimi kusema siwezi. Najijua. Ndiyo maana nilikutaja wewe." Alikuwa anaangalia vidole vyake. "Nilikaa pale nasubiri ugombe. Kila alipodanganya, nikawa najisemea, sasa hivi mama atagomba. Sasa hivi."

Hakuna tusi lililowahi kumpata Cheche likamfikia mahali pale. Aliketi chini, sakafuni, karibu na mwanawe, akamshika mguu kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Jioni alimnyang'anya Ticha pakiti ya dawa, akakata nusu yake kwa mkono wake mwenyewe, akameza kama daktari alivyosema, na ile nyingine akaifungia kabatini. Hakumwambia mdogo wake usiku mwema.

Asubuhi yake alikuwa mlangoni mwa mkuu wa utumishi kabla mwenyewe hajafika. Binti alisimama nyuma yake na aproni iliyokunjwa na viatu kwenye mfuko. Ticha naye alikuja. Aliambiwa abaki, akaja. Macho yamevimba, mkoba ameukumbatia. "Ukianguka nani atakubeba?" alisema.

"Nimekuja kusema nilichokuja kusema jana," Cheche alianza, na mara hii maneno yalikuwepo yote, yanasukumana kutoka. Akaeleza ujio wa msimamizi, kilio chake, kiapo chake. Akaeleza chai ya asubuhi na kilichokuwemo. Sauti ilikuwa inapanda, hilo analikubali, na mikono ilikuwa inatetemeka, maana mwili uliolishwa dawa mara tatu ya kawaida halafu ukaiachia una visa vyake.

Mkuu wa utumishi alivua miwani ikaning'inia kwenye mnyororo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalokera zaidi. "Mama, nisaidie. Jana ulikuwa umetulia, unajibu taratibu, ukasema huna neno. Leo unatetemeka, unapiga kelele, unasema jana ulikuwa umelishwa dawa. Mimi niandike maneno ya mtu yupi?"

"Ya huyu! Huyu ndiye mimi!"

"Kuna mtu wa kuthibitisha hiyo habari ya dawa?"

Cheche akamgeukia mdogo wake. Ticha, mwalimu wa watu, anayewafundisha watoto wadogo kusema kweli na kunawa mikono, alitazama sakafu. "Nilimpa dawa yake," alisema. "Ile ya daktari. Huwa anaitumia."

"Basi ni dawa yake," mkuu wa utumishi akasema kwa upole. "Mama, nenda nyumbani ukapumzike. Tutabaki na maneno ya jana, ulipokuwa na utulivu."

Utulivu! Kama kungekuwa na kitu cha kurusha juu ya meza ile, kingerushwa. Lakini mkuu yule alikuwa ameshasimama na kuwafungulia mlango, akisema atawasindikiza mwenyewe hadi stoo wakakabidhi aproni. Na njia ya stoo inapita katikati ya ukumbi wa mashine.

Mvuke uliwapokea mlangoni pamoja na ngurumo ya mashine. Dari lilikuwa chini, mashuka yamerundikwa pande zote mpaka juu ya vichwa, na njia ya kupita ni nyembamba. Cheche hakufika mbali. Moyo ukaanza. Safari hii ulikuja kweli kweli, ukiwa na madeni ya jana: jasho, vidole, ukuta wa kushoto unasogea na wa kulia unasogea. Akashika ukingo wa mashine iliyokuwa karibu asianguke. Ilikuwa ni rola. Wasichana wawili wapya walikuwa wanalisha shuka, mmoja huku, mmoja kule, vidole vyao vinakwenda mbele na kurudi. Na pale chini ya macho yake kinga ilikuwa imefungwa, kwa kipande cha shuka kilichochanwa, fundo juu ya fundo. Mkono wa mtu umeungua mle ndani, mtoto wa mtu amefukuzwa kwa ajili ya fundo lile, kisha wamelifunga tena.

Hakuwa na pumzi ya kusema. Jana pumzi ilikuwepo akakosa maneno, leo alipokuwa na maneno yote pumzi haikuwepo. Akafanya alichoweza. Alikishika kile kitambaa kwa mikono miwili, mikono ya mtu aliyevuta na kukaza vitambaa vya makochi maisha yake yote, akakivuta mpaka kikakatika. Kisha akaipiga kinga kwa kiganja kutoka chini. Ikainuka, na rola ikasimama.

Ukumbi mzima ukasikia, maana kelele iliyokuwepo ilipungua. Shuka likabaki nusu ndani, nusu nje. Kutoka upande wa pili wa rundo, bila hata kutokeza kichwa, ikaja sauti ya mtu aliyezoea.

"Nani kafungua kinga? Nimesema ifungwe mpaka mzigo uishe! Mara ngapi niwaambie? Funga haraka!"

Ndipo msimamizi akatokea, mikono ya shati imekunjwa. Akamwona Cheche. Akaona alichoshika mkononi. Mwisho akamwona mkuu wa utumishi amesimama nyuma, miwani imerudi machoni.

"Rudia," mkuu wa utumishi akasema.

Bwana yule akaanza kuikunjua mikono ya shati. Wale wasichana wawili waliangaliana, kisha mmoja, bila kuulizwa, akasema, "Ndivyo anavyotuambia kila siku." Na wa mashine ya jirani akaitikia kwamba ndivyo, na wa kwenye meza ya kukunja naye akasema ndivyo, watu wale wale waliokuwa mabubu wiki nzima.

Cheche hakuyafaidi. Miguu ilikuwa imemwishia, ameteleza mpaka chini, mgongo kwenye mguu wa mashine, anatweta, meno yanagongana, mwili wote unatikisika mbele ya kila mtu. Ilikuwa ni ile benki yenyewe, bila kupungua kitu. Ticha akapiga magoti mbele yake, anahangaika na zipu ya mkoba, machozi yanamdondoka kwenye mikono. Akatoa kidonge kimoja, amekifunga kwenye karatasi; hata haijulikani alikiiba saa ngapi.

"Dada, meza hiki. Tafadhali, meza utulie. Watu wanakuangalia."

Mkono wa binti ukafika kabla kile kidonge hakijafika mdomoni. Akamshika mama yake mdogo kwenye kifundo cha mkono, akamkaza. Sauti aliyoitoa hakuna mtu pale ndani aliyewahi kuisikia kwake, na yeye mwenyewe alionekana kuishangaa.

"Mama mdogo, toa mkono! Mwache! Mwache atetemeke!"

Ticha akatoa mkono. Binti akakaa chini kwenye sakafu yenye maji, akampakata mama yake kifuani mbele ya watu wote, akamwacha atetemeke. Alitetemeka sana, akatetemeka mpaka ikaisha yenyewe, kama inavyoisha siku zote. Kisha Cheche akaomba maji, akanywa, akafuta mdomo kwa kiganja, akamtafuta msimamizi kwa macho, akaanza kusema.